Namna ya kusaka vipande vilivyopotea vya filamu za zamani ndani ya nakala kuukuu

Filamu ya Metropolis ya Fritz Lang ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin, tarehe 10 Januari 1927, ilikuwa na urefu wa mita 4,189. Haikumaliza mwaka kabla ya kukatwa, Marekani na hata Ujerumani kwenyewe, na karibu robo yake ikapotea. Kwa miongo minane wapenzi wa sinema walitazama filamu pungufu wakiamini ndiyo yote iliyobaki. Kumbe mikanda yenye sehemu zilizokosekana ilikuwa Buenos Aires, Ajentina, ndani ya makopo yaliyoandikwa jina sahihi la filamu.

Kilichowashtua watu ni kumbukumbu ya mzee mmoja wa klabu ya sinema, Salvador Sammaritano. Alisimulia kwamba siku moja alipoionyesha Metropolis, mkanda ulikuwa umechakaa kiasi kwamba ilimbidi abonyeze kidole kwenye mashine kwa zaidi ya saa mbili ili picha isichezecheze. Mtafiti Fernando Martín Peña alipoisikia hadithi hiyo hakushangazwa na kidole. Alishangazwa na muda, kwa sababu nakala zilizokuwa zikizunguka duniani zilikuwa fupi kuliko hapo. Mwaka 2008 yeye na Paula Félix-Didier, aliyekuwa mkuu wa Museo del Cine, wakayafungua makopo hayo. Ndani walikuta takriban dakika 25 ambazo dunia haikuwa nazo.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu ndicho kiini cha mwongozo huu wote. Vipande vilivyopotea havipatikani tu kwa kugundua filamu isiyojulikana. Mara nyingi vimo ndani ya nakala ya filamu ambayo kila mtu anadhani anaijua, na hakuna aliyewahi kuipima. Anayetaka kuvisaka hahitaji bahati tu; anahitaji futi, kioo cha kukuzia, daftari na subira.

Elewa kwanza filamu hukatwa na nani, na lini

Wakataji ni wengi. Kuna wakaguzi wa serikali, kuna wasambazaji wanaotaka filamu fupi ili waongeze maonyesho kwa siku, kuna studio inayoitoa upya filamu yake baada ya miaka, na kuna fundi wa mashine ukumbini ambaye mkanda ulimkatikia akaunga akaendelea na kazi. King Kong ya 1933, kwa mfano, ilitolewa upya mwaka 1938 ikiwa imeondolewa matukio ambayo kanuni za maadili za Hollywood hazikuyaruhusu tena, likiwemo lile la Kong kumwangusha mwanamke kutoka juu ya jengo. Matukio hayo yalikosekana kwa zaidi ya miaka 30.

Tarehe ya kukatwa ndiyo dira yako. Nakala iliyotoka maabara kabla ya tarehe hiyo, au iliyochapwa kutokana na negativu (mkanda mama ambao nakala huchapwa kutoka kwake) ambayo mkasi haukuifikia, ndiyo unayoitafuta, hata kama imejaa mikwaruzo. Nakala safi inayong'aa iliyochapwa baadaye haina msaada kwa kazi hii. Watu wengi hutupa ile mbovu na kubaki na ile nzuri, na hapo ndipo sehemu kubwa ya urithi wa sinema ilipopotelea.

Hatua ya 1: Andika orodha ya kinachokosekana

Usianze na mikanda, anza na karatasi. Chagua filamu moja, au chache, kisha kusanya kila andiko linaloeleza ilikuwaje ilipotoka: hati ya mwongozo wa filamu, tahakiki za magazeti za wiki ya kwanza, picha za matangazo, kadi za ofisi ya ukaguzi, hata muziki wake.

Muziki? Ndiyo. Waliorejesha Metropolis walitumia noti za mtunzi Gottfried Huppertz, ambamo mna alama 1,028 zinazomwelekeza kiongozi wa okestra ni tukio gani linapita kwenye skrini kwa wakati gani. Kadi za ukaguzi za Ujerumani nazo ziliorodhesha maandishi yote yaliyokuwa yakitokea kati ya picha na picha. Kwa hiyo mkanda wa Buenos Aires ulipofika, tayari kulikuwa na ramani inayoonyesha kila shoti (kipande kimoja cha picha kilichopigwa bila kusimamisha kamera) inakaa wapi.

Mafaili ya ukaguzi yana utamu wake hata kwa filamu za nchi nyingine, kwa sababu mkaguzi ameandika alichokiona kabla ya kukata. Ofisi za Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam na Zanzibar, zina mafaili ya ukaguzi wa filamu ya enzi ya ukoloni. Ukikuta humo mkaguzi ameagiza tukio fulani liondolewe, umepata ushahidi kwamba nakala iliyomfikia ilikuwa nalo. Nakili maneno yake kama yalivyo, pamoja na urefu wa filamu kwa futi kama umeandikwa. Tarakimu hiyo utaihitaji sana mbele.

Mwishowe uwe na ukurasa mmoja: jina la filamu, mwaka, urefu wa awali kwa futi au mita, urefu wa toleo linalopatikana leo, na matukio yanayokosekana, kila moja kwa sentensi moja.

Hatua ya 2: Tafuta mahali ambapo njia ya mkanda iliishia

Zamani nakala ilisafiri kutoka ukumbi hadi ukumbi, mji hadi mji, na gharama ya kuirudisha kutoka mwisho wa safari ilizidi thamani yake. Ndiyo maana mikanda mingi imepatikana pembezoni mwa dunia. Dawson City, mji wa wachimba dhahabu kaskazini mwa Kanada, ulitoa rili (magurudumu ya mkanda) 533 mwaka 1978 zilipofukuliwa ardhini. Filamu ya John Ford ya 1927, Upstream, iliyodhaniwa imepotea kabisa, ilipatikana New Zealand. Toleo la awali la La Passion de Jeanne d'Arc ya Carl Dreyer liliibuka mwaka 1981 katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo, Norwei, wakati negativu ya kwanza ilikuwa imeungua tangu 1928.

Pwani yetu nayo ilikuwa mwisho wa njia. Filamu za Bombay zilishushwa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, zikapanda bara hadi miji ya reli, na filamu za Kimisri nazo zikaja. Sinema ya Kihindi ya miaka ya mwanzo imepotea kwa kiwango cha kusikitisha. Hata Alam Ara ya 1931, filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, hakuna nakala yake inayojulikana kubaki. Ndiyo sababu nasisitiza: kopo lenye kutu kwenye stoo ya familia iliyowahi kumiliki ukumbi lisiitwe takataka kabla halijafunguliwa.

Waulize mafundi wa zamani wa mashine, warithi wa wasambazaji, misheni, shule kongwe, vituo vya utamaduni vya balozi, na idara zilizokuwa na magari ya sinema ya kuzunguka vijijini. Zungumza na mzee kwa adabu na bila haraka, na usimwulize kama ana filamu adimu, maana hana namna ya kujua. Mwulize ni picha gani ilikuwa ndefu mpaka watu wakakosa usafiri wa kurudi nyumbani, ni picha gani ilikuwa na sehemu ambayo watoto walitolewa nje, ni mkanda gani haukurudishwa na kwa nini.

Kuna orodha moja ya hapa hapa ambayo natamani ibandikwe kwenye kila ofisi ya wilaya. Kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri, Usambara, ulitengeneza filamu zipatazo 35 na kuzizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini yake. Zinazojulikana kubaki ni tatu, nazo ziko katika hifadhi ya British Film Institute, Uingereza. Waigizaji walikuwa watu wa huku, na sauti ya maelezo ilichezwa kwa santuri kando ya mashine. Mikanda yenyewe ilikuwa ya milimita 16. Ukikutana na rili ya milimita 16 isiyo na sauti, yenye watu wa miaka hiyo na mashamba ya Usambara au Morogoro, usiipite.

Jambo la mwisho kuhusu mahali: usidharau mikanda midogo. Kabla ya kaseti za video, matajiri na klabu walinunua filamu kwa milimita 16 (ilianza 1923) au 9.5 ya kampuni ya Pathé (1922), na nakala hizo ziliepuka wakataji wa baadaye. Rili ya pili ya The Battle of the Century ya wachekeshaji Laurel na Hardy, yenye vita maarufu ya kurushiana mikate ya krimu, ilipatikana nzima mwaka 2015 ikiwa milimita 16 katika mali ya mkusanyaji binafsi. Ile ya Buenos Aires nayo ilikuwa milimita 16.

Hatua ya 3: Usalama kabla ya udadisi

Hapa naomba usome taratibu. Filamu za milimita 35 zilizotengenezwa kabla ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 huenda ni za nitrati ya selulosi. Nitrati huwaka kwa kasi ya kutisha, hujitengenezea oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo huendelea kuwaka hata ikizamishwa ndani ya maji, na moshi wake ni sumu. Ikishaoza inaweza kuwaka yenyewe kwenye joto la karibu nyuzi 40 za Selsiasi likidumu muda mrefu. Stoo yenye paa la bati, Januari, hufika huko.

Basi fanya hivi. Pima upana wa mkanda kwanza: milimita 35 ni kama upana wa filamu ya kamera ya zamani ya picha mnato. Ukiwa ni wa 35 na umri wake haujulikani, uchukulie kuwa nitrati mpaka ithibitike vinginevyo. Fungua kopo nje, kivulini, mbali na jiko, sigara, nyaya na watoto. Vaa glavu za pamba au nailoni. Usijaribu kuchoma kipande "kuona kama kinawaka". Ushauri huo umeandikwa mahali pengi na ni hatari.

Angalia hali yake. Nitrati inayoanza kuoza hugeuka rangi ya kahawia hafifu na picha hufifia, halafu hunata, halafu hutoa mapovu kama asali, mwisho huwa unga wa kahawia. Ukikuta mapovu au unga, funika bila kubana, acha hewa ipite, sogeza watu mbali, na wasiliana na zimamoto pamoja na hifadhi ya filamu. Usipakie kwenye basi. Kusafirisha nitrati kuna sheria zake za mizigo ya hatari, kwa barabara na kwa ndege.

Mikanda ya asetati, plastiki iliyochukua nafasi ya nitrati, haina moto huo, ila ina ugonjwa wake: hunuka siki. Harufu ya siki ikikupiga unapofungua, itenge na mikanda mingine siku hiyo hiyo, kwa maana mvuke wake huharakisha uozo wa jirani zake, na iweke mahali pa ubaridi na pakavu. Milimita 16 na 9.5 karibu zote ni za asetati, kwa hiyo anayeanza kazi hii aanze na hizo.

Na kwa mkanda wowote: usiupitishe kwenye mashine ya sinema. Mkanda uliosinyaa matundu yake hayaendani tena na meno ya mashine, na utachanika pale pale penye kipande ulichokuwa ukikitafuta.

Hatua ya 4: Soma ukingo

Weka mkanda juu ya kioo cha mwanga (kipande cha plastiki nyeupe chenye taa ya baridi chini yake kinatosha) na uangalie ukingo kwa kioo cha kukuzia. Utaona maandishi madogo: jina la kiwanda, neno NITRATE au SAFETY, namba, na kwa mikanda ya Kodak, alama za duara, mraba au pembetatu. Alama hizo ni mwaka wa kutengenezwa kwa mkanda, na mzunguko wake ulijirudia kila baada ya miaka 20. Majedwali yake yanapatikana kwa urahisi.

Kwa kuwa hujirudia, alama moja hukupa miaka miwili au mitatu inayowezekana, nawe unachagua kwa akili. Tuseme jedwali linakupa 1927, 1947 au 1967, na mkanda wako ni milimita 16 wenye mstari wa sauti pembeni. Sauti kwenye milimita 16 ilikuja miaka ya 1930, kwa hiyo 1927 imetoka. Ikiwa ni wa rangi na umegeuka mwekundu wote, hiyo ndiyo kawaida ya Eastmancolor, iliyoanza 1950. 1947 nayo imetoka.

Angalizo kubwa: maandishi ya ukingoni hunakiliwa pamoja na picha. Mkanda ukichapwa kutokana na mwingine, maandishi ya wa kwanza hujitokeza kwenye wa pili. Ndiyo maana unaweza kukuta NITRATE na SAFETY kwenye ukingo mmoja. Yale makali, yaliyosimama vizuri, ndiyo ya mkanda ulioushika. Yale yenye ukungu, au yaliyokatika nusu, ni ya mkanda uliozaa huu. Yaandike yote mawili. Yale yenye ukungu yanaweza kukuambia kwamba nakala ya miaka ya 1960 imetokana na mkanda wa miaka ya 1930, yaani kabla ya mkasi.

Hatua ya 5: Pima urefu

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Milimita 35 ina fremu 16 kwa futi. Kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, dakika moja ni futi 90. Milimita 16 ina fremu 40 kwa futi. Dakika moja ni futi 36. Rili ya futi 400 ya milimita 16 ni dakika 11 na ushei, sawasawa na futi 1,000 za milimita 35.

Zungusha mkanda kwa mkono, kutoka gurudumu moja hadi jingine, ukipitia kihesabio cha futi. Huna kihesabio? Hesabu fremu za futi moja uone kama mkanda umesinyaa sana, kisha pima kwa utepe wa fundi nguo ulionyooshwa mezani, polepole, ukiweka alama daftarini kila futi 50. Inachosha lakini inafanya kazi.

Mfano: una rili tatu za milimita 16, za futi 1,100, 1,150 na 780. Jumla ni 3,030. Gawanya kwa 36, unapata dakika 84. Ikiwa toleo linalouzwa leo ni dakika 78, una dakika sita za kuelezea. Kabla hujashangilia, ondoa mambo matatu. La kwanza, futi za mwanzo na mwisho wa kila rili zisizo na picha. La pili, filamu zisizo na sauti hazikuwa na kasi moja. Futi zile zile 3,030 kwa fremu 18 kwa sekunde ni dakika 112. Kwa filamu hizo linganisha futi kwa futi, kamwe si dakika kwa dakika. La tatu, diski nyingi za DVD za Ulaya huchezwa kwa fremu 25 kwa sekunde, hivyo filamu ya dakika 100 huonekana ya dakika 96 bila kukatwa chochote. Wengi wamedhani wamegundua dakika nne zilizopotea kumbe ni kasi tu.

Ukitaka kulinganisha milimita 16 na urefu ulioandikwa wa milimita 35, zidisha futi zako kwa 2.5.

Kupima kulifanya kazi hata ndani ya hifadhi kubwa kuliko zote. Mwaka 2004, Library of Congress ya Marekani iliombwa nakala ya Baby Face, filamu ya 1933 ya Barbara Stanwyck. Mtunzaji wa mikanda, George Willeman, alikuta kuna negativu mbili, na moja ilikuwa ndefu kuliko nyingine. Tofauti ya dakika chache tu. Alipoitazama ile ndefu akakuta ndiyo filamu kabla ya wakaguzi wa New York kuilazimisha studio ibadilishe, pamoja na maneno ya fundi viatu mzee anayemshawishi msichana awatumie wanaume, maneno ambayo toleo lililoonyeshwa kwa miaka 70 liliyageuza kuwa nasaha za maadili. Negativu hiyo haikuwa imefichwa na mtu.

Hatua ya 6: Linganisha shoti kwa shoti

Chukua toleo bora linalopatikana leo. Chora jedwali: namba ya shoti, futi inapoanzia, fremu ya kwanza, fremu ya mwisho, maelezo mafupi. Kwa kila shoti ya mkanda wako, piga picha ya fremu ya kwanza na ya mwisho kwa simu ukiwa umeisimamisha juu ya kioo cha mwanga. Kisha tazama toleo linalojulikana, ukisimamisha kila shoti inapobadilika.

Tofauti zitakuwa za aina tatu. Zipo shoti ndefu kidogo, labda fremu 20 za ziada mtu anapofunga mlango; hizi ni halali, ziandike, hata kama hazisisimui. Zipo shoti zisizokuwepo kabisa kwenye toleo la leo. Na zipo shoti zilizopo kote lakini pembe ya kamera imehama kidogo, au mwigizaji anageuka kwa namna nyingine.

Aina hii ya tatu huchanganya watu. Enzi za filamu zisizo na sauti ilikuwa kawaida kupiga kwa kamera mbili pamoja, au kurudia tukio, ili ipatikane negativu ya nyumbani na nyingine ya nchi za nje. Metropolis ilikuwa na negativu tatu. Kwa hiyo pembe iliyohama haimaanishi tukio lililopotea. Inamaanisha mkanda wako una ukoo mwingine, na ukoo huo unaweza kuwa na matukio ambayo ukoo unaojulikana hauna. Mwaka 2013 Peña yule yule wa Buenos Aires alikuta nakala ya The Blacksmith ya Buster Keaton, ya 1922, ambayo haikulingana na ile iliyotazamwa miaka yote: ilikuwa na vichekesho vizima ambavyo watu hawakuvijua.

Ukipata shoti mpya, chunguza maungio yake. Pitisha ukucha taratibu kwenye ukingo pale shoti inapoanza. Ukihisi kinundu, mkanda huu wenyewe umekatwa na kuungwa, na inawezekana mtu alichomeka kipande cha filamu nyingine. Usipohisi kitu lakini ukaona mstari mwembamba ukipita kwenye mpaka wa fremu, maungio yalikuwa kwenye mkanda uliozaa huu, na shoti hiyo ilikuwemo ulipochapwa. Hilo la pili ni habari njema.

Kwa filamu yenye sauti kuna kipimo kizuri zaidi: sikiliza muziki. Sauti ilichanganywa baada ya filamu kuunganishwa, kwa hiyo katika toleo lililokatwa baadaye muziki huruka pale mkasi ulipopita, noti inakatika katikati. Ikiwa kwenye nakala yako muziki unapita juu ya shoti mpya bila kuruka, shoti hiyo ilikuwa sehemu ya filamu tangu studio. Huna haja ya mashine ya sinema kwa hili. Skana nzuri husoma mstari wa sauti pamoja na picha.

Hatua ya 7: Simama, na upate msaada

Ukiwa na jedwali linaloonyesha tofauti, kazi ya mikono yako imeisha. Usisafishe mkanda kwa kitambaa wala kemikali. Usikate kipande kipya ili ukitume peke yake. Kilicho kabla na baada yake ndicho kinachothibitisha nafasi yake. Usitangaze mtandaoni kabla ya skani, kwa sababu tangazo huleta wanunuzi wa makopo kabla ya wataalamu.

Andika barua fupi kwa hifadhi iliyo mwanachama wa FIAF, shirikisho la kimataifa la hifadhi za filamu lililoanzishwa 1938. Kwa filamu za Kihindi, hifadhi ya taifa ya India iko Pune tangu 1964. Kwa za Hollywood, Library of Congress au studio yenyewe. Kwa za Kijerumani za zamani, Murnau-Stiftung ya Wiesbaden, ambayo ndiyo iliyorejesha Metropolis. Taja upana wa mkanda, urefu kwa futi, alama zote za ukingoni, hali ya harufu na kusinyaa, lugha ya maandishi, na shoti tatu au nne zisizokuwepo kwingine pamoja na picha zake. Barua yenye tarakimu hujibiwa. Barua yenye "nina filamu adimu sana" hukaa.

Omba skani ifanyike kwa fremu nzima, mpaka matunduni, bila kupunguza kingo. Vipande vya Buenos Aires vilitokana na nakala iliyopunguzwa kutoka milimita 35 hadi 16 bila kusafishwa, kwa hiyo mikwaruzo na mafuta ya nitrati ya awali vikawa sehemu ya picha, na pembeni pakakatika. Nitrati yenyewe haikubaki. Ndiyo maana katika toleo la 2010 sehemu zile zinaonekana zimechubuka, zikiwa ndogo kidogo na ukingo mweusi. Waliorejesha waliziacha zionekane hivyo, nami naona walifanya haki: mtazamaji anajua ni wapi anaona kile kilichokuwa kimepotea.

Kabla mkanda haujaondoka mikononi mwako, kubalianeni kwa maandishi mambo haya. Kumiliki kopo si kumiliki haki ya filamu, kwa hiyo huwezi kuiuza wala kuionyesha kwa kiingilio bila mwenye haki. Lakini mkanda ni mali yako au ya familia iliyokukabidhi. Mkataba useme kama unatolewa moja kwa moja au unaazimwa, nani analipia usafiri na skani, familia itapata nakala ya kidijitali ya aina gani, na jina la nani litaandikwa kwenye toleo jipya. Useme pia kwamba mkanda wa awali utatunzwa kwenye ubaridi hata baada ya skani, maana skani za miaka kumi ijayo zitaona mambo ambayo za leo hazioni.